Mashine Iliyolala Tangu Mfunguo Saba

Mwanangu Salum,

Barua njema huanza kwa kumuuliza mtu hali yake, lakini hali yako naijua. Umelala chumba cha pili, nasikia unavyokoroma, na miguu yako imepita ukingo wa kitanda kama ilivyo tangu uliporefuka ghafla ukanipita bega. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa kamba juu ya kufuli kwa sababu mama yako haamini kufuli. Ningeweza kukuamsha nikakwambia haya kwa mdomo. Nimekwenda mpaka mlangoni pako nikarudi, nikaenda tena nikarudi tena. Nimeona muhali, ile haya ya kumwambia mtu jambo usoni pake. Basi naandika, na utakapokuwa unasoma utaona mwenyewe kwamba muhali huohuo ndio uliotufikisha hapa.

Mambo ya kula na kufua, nani wa kumwendea Mombasa ukipata homa, nani wa kumkwepa akikuomba nauli, hayo yote mama yako amekwisha kukupa na mengine atakupa kesho njiani, hata ukimwambia umeshasikia. Mimi sina la kuongeza. Nataka kukuandikia juu ya mashine yetu ya umeme, na juu ya miguu minne ya tangi la msikiti, ambayo mtaa mzima wa Mlandege unasema uliichomelea wewe, na ambayo mimi na wewe tunajua ni nani aliyeichomelea.

Nimeliandika. Sitalifuta.

Mashine ile niliinunua kwa fundi wa bandarini aliyekuwa anahama. Mimi ni mtu wa gesi. Mkono wangu umekulia kwenye gesi, na umeme nilijifunza ukubwani, kama mtu anayejifunza kuogelea akiwa na ndevu. Sikuinunua kwa kuwa nilikuwa na kazi nayo. Niliinunua kwa sifa. Nilitaka watu wakipita waseme karakana ya Feruzi ina mashine ya umeme. Kazi ya kuihitaji ilikuwa haba: fremu ya gari la mizigo, kitako cha mashine ya kinu, chuma kinene ambacho gesi ingekitesa mchana kutwa. Siku nyingine zote ililala pembeni imefunikwa gunia, na mimi nikaamini kuwa kitu kisichofanya kazi hakichoki.

Yule fundi alituonya siku aliyotuuzia. Ulikuwa umesimama kando yangu, na wewe ulimsikiliza, mimi nilikuwa nahangaika na namna ya kuipakia. Alisema mshale unaoonyesha nguvu ya moto usiaminiwe mashine ikilala muda mrefu. Hewa yetu ya chumvi inaula, unakwama, unalegea, unaonyesha kitu ambacho hakipo. Kila baada ya miezi mitatu, alisema, hata kama hamkuiwasha, toeni ile mita ndogo ya kisandukuni, ambayo haina kazi nyingine yoyote, muilinganishe na mshale. Kisha chomeleeni vipande viwili, mvibane kwenye jiliwa, mvipige nyundo mpaka vivunjike, mtazame ndani. Mshono wa umeme unaweza kupendeza juu, na chini vyuma havikushikana hata kidogo.

Wewe ulikwenda ukachora ubao, ukautundika ukutani, miezi ya kupima ikihesabiwa tangu Ramadhani inapokwisha: Mfunguo Mosi, Mfunguo Nne, Mfunguo Saba, Rajabu. Ukiimaliza Rajabu unapita Ramadhani unaanza upya. Nilikuuliza kama umefungua chuo na ada ni kiasi gani. Wateja walicheka, na wewe ulicheka pamoja nao, kwa hiyo nikaendelea. Kila mwezi wa kupima ulipofika nilikuwa na neno. Leo mgonjwa anapimwa homa. Leo mwari anaamshwa. Nilikuwa mcheshi sana, Salum, kwa mtu ambaye hakuwahi hata siku moja kukifungua kile kisanduku.

Kuna siku moja nataka ujue kuwa ninaikumbuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuvunja kipande peke yako. Ulinijia mbio umekishika kwa koleo, kingali moto, ukaniambia, "Baba, tazama, kimeshika mpaka tumboni." Uso wako ulikuwa umejaa furaha. Mimi nilikuwa nazungumza na mteja juu ya mlango wa duka lake. Nikakwambia weka huko, nitatazama baadaye. Sikutazama. Sijui kwa nini siku hiyo imenirudia usiku huu kuliko hata siku ya msiba wenyewe, lakini imenirudia.

Sasa nifike kwenye Rajabu.

Asubuhi uliyotoa vipande vya kupimia, ndiyo asubuhi aliyokuja Fundi Maulidi wa mtaa wa Malindi kuazima mashine. Maulidi unamwita ami, na si jina la bure. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, na jeneza la mamangu lilipotoka nyumbani bega la mbele lilikuwa lake. Alisema anaitaka siku mbili. Wewe ulimwambia kwa adabu, "Ami, subiri mpaka jioni tuipime kwanza, mwezi wake umefika." Mimi nikasema mpe. Nilisema kwa sauti ambayo wewe unaijua.

Siku mbili zikawa mwezi. Je, ningempeleka mtu kuidai? Kwa Maulidi? Niliona muhali hata kumuuliza tulipokutana sokoni, nikawa namuuliza habari za watoto. Mashine ilirudi Shaabani juu ya rikwama, imepita vichochoro vya mawe vya Malindi inagongwagongwa, na bati lake la pembeni lilikuwa limebonyea. Uliliona. Mimi pia niliona, nikajitia hamnazo. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha mita, na Maulidi alikuwa bado ameketi anakunywa kahawa yetu. Nikakwambia rudisha.

Pengine ulidhani ni uvivu. Haukuwa uvivu. Kumpimia mtu kitu alichokirudisha, mbele ya macho yake, ni kumwambia umeniharibia. Afadhali nimtukane. Na alipoondoka, ukaniuliza sasa je, nikasema kesho. Kesho yake nikafikiri: Maulidi akisikia kuwa tuliipima mara tu alipogeuza mgongo, itakuwa vibaya zaidi. Nikasema tuache mpaka Mfunguo Mosi, mwezi wake utakapofika, hapo hakuna atakayesema tumempima yeye. Wakati ule nilijiona mtu mwenye adabu zake. Nilijisifu moyoni kuwa nimelinda udugu.

Zilikuwa zimebaki siku chache Ramadhani iandame walipokuja Maalim wa msikiti na Mzee Vuai, muadhini wetu, kuomba miguu ya tangi. Maji ya mfereji yalikuwa yanakatika mchana, na watu wa kutawadha ni wengi mwezi ule. Nilikubali kwa ajili ya Mungu, bila malipo, na kusema kweli nilifurahi kwamba kazi ilihitaji chuma kinene. Ningewasha mashine ya umeme mbele ya wazee. Walisimama kutazama. Nilikwisha kupanga vyuma, nimeshika kioo cha giza, ndipo uliposema.

"Baba, hii haijapimwa tangu Mfunguo Saba. Nipe nusu saa tu. Niilinganishe, tuvunje kipande kimoja."

Hukupaza sauti. Ulikuja karibu ili nisikie mimi tu, lakini karakana ni ndogo. Nilimwona Maalim anatazama chini. Na mimi, mwanangu, badala ya kusikia ulichosema, nilisikia kuwa nimefundishwa kazi na mtoto niliyemfundisha kushika nyundo, na wazee wapo. Nikakujibu kwa nguvu, ili wao wasikie.

"Kama huuamini mkono wangu, kakae nje."

Ukaenda ukakaa kizingitini. Wazee wakasema alasiri imekaribia, wakaondoka. Nikafunika uso, nikachomelea miguu yote minne, mshono hadi mshono, peke yangu.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama yako. Sauti niliisikia. Mashine ikiwa na moto wa kutosha hulia kama samaki katika mafuta yaliyochemka. Siku ile ililia kichovu, kama mafuta ambayo bado. Mshale ulionyesha moto wa chuma kinene, na masikio yangu yalinambia huu ni moto wa bati. Ningeweza kusimama. Ulikuwa umekaa hatua chache kutoka kwangu, ningekuita tu, Salum, hebu kilete kisanduku chako. Lakini kukuita ilikuwa ni kukubali. Nikaendelea. Nilipomaliza nilisugua mishono kwa brashi ya waya ikang'aa, nikaipaka rangi, na ukiitazama ungesema ni kazi ya Ulaya.

Tangi lilisimama siku za mwanzo za Ramadhani. Kila nilipokwenda kutawadha nililitazama, na kila siku lililosimama nilisema moyoni, unaona. Kisha masika yakashika, mvua ikanyesha mfululizo, ardhi ikalegea chini ya mguu mmoja, uzito ukahamia upande. Mguu ulipaswa kuvumilia. Uliachana pale pale kwenye mshono. Mzee Vuai alikuwa chini anajaza birika.

Wewe ulifika kabla yangu. Ulikuwa mmoja wa waliolinyanyua tangi, na shati lako jeupe lilikuwa tope tupu. Mguu wa mzee ulikuwa umevunjika chini ya goti, na alikuwa anasema taratibu, "Nshushieni kanzu, nshushieni kanzu," anaona haya kuwa mguu wake uko wazi mbele za watu. Kile chuma kilichokatika kilikuwa kimelala kwenye maji. Hakuhitajika fundi kukisoma. Vipande viwili visafi, kama havijawahi kukutana.

Walipompeleka hospitali, Maalim alibaki. Aliuliza bila ukali, akituangalia sote wawili.

"Nani kachomelea hii?"

Nakuapia nilikuwa nataka kusema, ila nilikuwa natafuta namna ya kulisema neno lile libaki na heshima kidogo ndani yake. Nilikuwa bado natafuta uliposema, "Ni mimi, Maalim. Nisameheni." Nikakutazama. Hukunitazama. Na nilichohisi kwanza, Mungu anisamehe, nilihisi nimepumua.

Uongo ule ungeishia pale, pengine ningeweza kuubeba. Lakini usiku ule baada ya tarawehe, barazani, watu walikuwa wananipa pole, na mmoja akanishika bega akasema mtoto ni mtihani. Ningenyamaza tu. Ningetikisa kichwa nikaenda zangu. Nikasema, "Vijana wa siku hizi hawana subira."

Wewe, uliyeniomba nusu saa.

Neno lile lilitembea kuliko nilivyotaka. Halikuishia barazani. Wiki ya pili alikuja yule mwenye kinu cha mafuta cha Bububu na kitako chake kilichopasuka, akachungulia ndani kabla hajakishusha, akaniuliza leo anachomelea nani. Ulikuwa umevaa glavu tayari. Ulizivua, ukazitundika, ukachukua ufagio. Mimi nikamjibu, "Mimi mwenyewe," na nikaona alivyoridhika. Nilichukua kazi yake na nikamtoza. Baada yake wakaja wengine wenye swali hilohilo, wengine kwa mzaha, na wewe ukawa unashika ufagio kabla hawajauliza. Fundi mwenye mkono kama wako anafagia. Mfunguo Mosi uliingia, mwezi wa kupima, na kwa mara ya kwanza tangu ulipoutundika ubao hukuugusa. Sikukuuliza kwa nini.

Ndipo ulipomwambia mama yako habari za Mombasa.

Alinifikishia habari yenyewe jioni, akaweka chakula, na badala ya kwenda zake jikoni akaketi. Unamjua mama yako, maneno yake anayapima kama unga. Sikuwahi kumwambia nani aliyechomelea, na hakuwahi kuniuliza. Ameishi na mimi muda mrefu, hakuhitaji kuuliza. Alisema, "Siku ile mtoto kakukinga kwa kuwa ulibanwa. Sasa hubanwi na mtu, na bado umekaa nyuma yake." Kisha akaondoa sahani kabla sijamaliza. Nilikasirika. Nilitoka nikaenda kutembea mpaka Darajani nikiwa na hasira naye, na hasira ile ilinisaidia, maana mtu mwenye hasira hana nafasi ya kuona haya.

Nisikufiche: nilipojua kuwa unaondoka, nilifurahi. Nakupenda, na nilifurahi. Niliona kuwa ukishaondoka nitaacha kuuona ule ufagio mkononi mwako. Nikawa mtu wa kwanza kukutafutia nauli. Wewe ulinishukuru, ukanibusu mkono.

Leo asubuhi ulipotoka kwenda kuaga, nilikwenda karakanani peke yangu nikafunga mlango. Nikafungua kisanduku chako. Ulikuwa umeizungushia mita pamba na kitambaa cha kanzu yako ya zamani. Nililazimika kukumbuka kwa shida yule fundi wa bandarini alivyofanya, maana sikuwahi kuangalia ukifanya. Nikaunganisha, nikawasha, nikalinganisha. Mshale wetu unadanganya, Salum, na si uongo mdogo. Nikachomelea vipande viwili, nikavibana kwenye jiliwa. Nilijiandaa kupiga sana. Kwa pigo la kwanza vikaachana.

Nilikaa pale chini nikavitazama mpaka kibarua wa jirani akabisha kuuliza kama kuna mtu.

Unajua ni kitu gani nilichokielewa nikiwa nimekaa pale? Nilikuwa nadhani ubao wako ni wa mashine. Kumbe ulikuwa ni kwa ajili yangu mimi na watu kama mimi. Mwezi ukifika unapima, basi. Hujamtuhumu Maulidi, hujamdharau baba yako, hujauliza nani kaiazima wala nani kaishika mwisho. Mwezi umefika tu. Ulikuwa umeniwekea njia ya kuuliza bila kumvunjia mtu heshima, na mimi nikaifanya mzaha, kisha nikaifuta kwa sababu ya heshima hiyohiyo. Huko uendako utakuta mashine nyingi zilizolala, kubwa kuliko hii, na watu wenye vyeo wamesimama juu yake na haraka zao. Sina la kukufundisha juu ya mashine. Lakini watu wa kwetu tumelelewa hivi, neno linatukaa kooni tukimwonea mwenzetu haya, na wewe umelelewa na mimi. Ukiona umeanza kutafuta namna nzuri ya kusema jambo, na jambo lenyewe bado hujalisema, jua umeshaanza kuwa mimi.

Alasiri nikaenda kwa Mzee Vuai. Alikuwa kibarazani kwake, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, mkongojo kando. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kahawa. Nikakataa kahawa, kwa sababu nilijua nikishika kikombe nitazungumza habari za mvua. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nikamwambia miguu yote minne niliichomelea mimi, na mwanangu alinikataza, na nilimtoa nje.

Mzee akaendelea kuvuta tasbihi yake mpaka nikadhani hakunisikia. Halafu akasema, "Feruzi, nlijua."

Nikamuuliza alijuaje. Akasema alasiri ile, alipokuwa anarudi kutoka msikitini, alipita mbele ya karakana, akaniona kwa macho yake nimefunika uso nachomelea, na wewe umekaa kizingitini umejiinamia. Nikamuuliza Maalim je. Akasema Maalim alisikia ulivyoniambia, na swali lake siku ile kwenye tope aliniuliza mimi, si wewe. Alikuwa ananipa nafasi.

"Basi kwa nini hamkusema?"

"Tulikuonea muhali," akasema. "Mtu mzima, fundi wa mtaa, na mwezi mtukufu. Tukasema tumwache, atakuja mwenyewe. Tukakungoja. Mwanao kila Ijumaa kaja hapa kunkanda mguu, hasemi kitu, nami kila Ijumaa nkisema leo atakuja na babake."

Sikujua kuwa ulikuwa unakwenda kwake. Kila Ijumaa, na mimi sikujua.

Nimekuwa nikijificha mahali ambapo kila mtu mwenye akili alikuwa ananiona. Nimekaa nao safu moja nikisali, nimekunywa kahawa yao, wamenipa pole, na wao wanajua, na mimi nadhani hawajui, na kwa ajili yangu wakamwacha kijana wa watu afagie. Nilimwambia Mzee Vuai hivyo. Nilimwambia kwa uchungu kwamba walipaswa kukutetea. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipofika, na hakunijibu kwa hasira.

"Sisi, Feruzi? Wewe ndiye babake."

Nikainama nikamshika miguu, ule mzima na ule mbovu. Akasema amenisamehe siku ileile alipovunjika, na la mguu wake limekwisha. La mwanangu, akasema, si lake kulisamehe. Sikuwa na uso wa kubaki. Nilirudi nyumbani nikakukuta unacheka na mama yako, mnabishana juu ya zile kamba za sanduku.

Kwa hiyo mbele ya wazee wawili jina lako halikuharibika hata siku moja, na nataka uende na hilo. Lakini mtaa si wazee wawili. Kuna waliokuwa barazani wakanisikia nasema vijana hawana subira. Kuna yule wa Bububu, kuna Maulidi, kuna rafiki zako ambao wanadhani unakimbia aibu yako. Hao nimewadanganya kwa mdomo wangu, na barua hii hawataisoma.

Sitakuomba ubaki. Wala sikuombi unisamehe leo. Ukinisamehe haraka nitajua umefanya kwa heshima, na heshima yako nimeshaila vya kutosha. Nenda ukachomelee, na unichelewee kadiri unavyotaka.

Nataka jambo moja tu, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kungoja asubuhi nikakosa ujasiri. Nitaiweka barua hii juu ya kanzu yako ya safari ili uisome baada ya alfajiri, kabla hatujatoka. Kesho bandarini watakuwepo wengi. Maalim anakuja kukusomea dua. Maulidi amesema atakuja, vijana wa msikitini watakuja, na yule wa kinu ana mzigo anaupokea asubuhi ileile. Maalim akishamaliza dua, kabla hujapanda, nitasimama niseme. Nitasema ni nani aliyechomelea, ni nani aliyeomba nusu saa, na ni nani aliyenyamaza. Kwa Maulidi nitasema pia kwamba niliona bati limebonyea nikaogopa kumwambia, na kama atanichukia, anichukie.

Sauti yangu itatetemeka. Nitasita, watu watanitazama, na wewe nakujua. Utaniona nimebanwa, huruma itakushika, na mdomo wako utakuwa wa kwanza kufunguka kama siku ile. Usiufungue. Shika mkono wa mama yako, tazama chini ukitaka, lakini nikikwama katikati ya neno, niache nikwame mpaka nilitoe mwenyewe.

Babako,
Feruzi